Hamsini ya Omary

Mzee Ndayisenga hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa na swali moja tu. Alitaka kujua gari lilikuwa linakwenda kasi gani.

Walikuwa wameketi uani kwake, Rusoro, kijiji cha kando ya lami kati ya Kibondo na Kasulu. Upande mmoja walikaa ndugu wa majeruhi. Upande wa pili alikaa Omary, mwenye pikapu, na mkewe Zuhra, waliokuja na mchele, sukari na nyuso za kuomba radhi. Majeruhi mwenyewe, mtoto wa mzee, aliitwa Nizigiyimana, ila kijiji kizima kilimwita Nizi. Alikuwa amelazwa hospitali ya Kabanga, mguu umefungwa plasta kutoka pajani mpaka kisiginoni. Alikuwa akivuka barabara na baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi, pikapu ya Omary ikaipiga gurudumu la nyuma, baiskeli ikazunguka na kumwangukia. Polisi walikuja, wakapima barabara, wakakagua breki na taa, wakasema gari ni zima na wahusika wakazungumze kwanza. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yenyewe.

"Hamsini, mzee," Omary alijibu. "Pale pana kibao cha hamsini, na mshale wangu ulikuwa kwenye hamsini. Haukuzidi hata unywele."

"Unaweza kuapa?"

"Wallahi," Omary alisema bila hata kumeza mate. "Mbele ya Mungu na mbele yenu."

Ndugu walitazamana. Mtu kumtaja Mungu uani kwa watu, tena watu aliowavunjia mtoto, si jambo la mzaha. Mzee Ndayisenga alikitia kile kiapo moyoni, kisha akageuka polepole upande wa Zuhra.

"Nawe mama, ulikuwa umekaa mbele na mumeo. Uliona nini?"

Zuhra alikuwa ameona, na hapo ndipo ilipoanza taabu yake. Yeye ni mwoga wa mwendo. Akipanda gari macho yake hayaangalii milima wala mashamba, yanaangalia ule mshale wa kasi. Siku ile, walipoingia kijijini, mshale ulikuwa umeipita hamsini na tano. Alikumbuka vizuri kwa sababu alikuwa ameshafungua mdomo amwambie mumewe apunguze, na kabla neno halijatoka, baiskeli ikawa mbele yao.

"Sikutazama, baba," alisema. "Nilikuwa nimeinamia simu."

Mzee alitikisa kichwa muda mrefu.

"Basi. Gari la hamsini hapa kwetu kila mtu analivuka. Bibi zetu wanalivuka na kuni kichwani. Kama mwanangu ameshindwa kulivuka, kosa ni lake."

"Amerudia pombe," kijana mmoja wa ukoo alisema kwa sauti ya chini, ila wote walisikia. Mama yake Nizi alijifunika uso kwa kanga. Nizi alikuwa ameokoka. Alikuwa ameacha pombe mbele ya kanisa zima, akaingia kwaya, akaoa. Hakuna aliyemjibu yule kijana, na kunyamaza kwao kukawa ndiyo hukumu. Wageni walisamehewa, wakaletewa ugali na maharage, wakala.

Zuhra alimeza matonge mawili, akasema ameshiba.

* * *

Nyumbani Kibondo alipika na kufua kama siku zote, lakini kichwani mwake hapakuwa na utulivu. Alimjua Omary. Huyu ni mtu aliyewahi kurudi msikitini kwa miguu, mvua inamwagika, kurudisha kandambili za mwenzake alizozivaa kwa bahati mbaya. Mtu huyo huyo ndiye aliyeapa kwa Mungu huku mkewe, aliyeona kila kitu, amekaa ubavuni mwake. Alidhani hakuona? Au alijua ameona, na akajua pia kwamba atamfichia? Zuhra alizigeuza hizo mbili kila alipokaa, asijue ipi ni mbaya zaidi.

Maskini Omary naye hakujua kosa lake ni lipi. Aliona tu kwamba chakula kinatengwa bila salamu, na kwamba akiingia chumbani mke anakumbuka kazi ya uani.

"Mama Shamsi, nimekosa nini?" alimuuliza siku moja, chai iko mbele yake.

"Umekosa nini tena? Si ulisema hujakosa?"

"Nilisema lini? Nani kaniuliza?"

"Rusoro. Walikuuliza, ukajibu."

"Nikajibu kweli."

"Haya. Kunywa chai."

"Haina sukari."

"Sukari tuliipeleka Rusoro."

Omary aliinywa hivyo hivyo. Alidhani mkewe anaumia kwa ajili ya gharama, maana kila wiki walikuwa wakipeleka kitu hospitali, na biashara ya maharage ya Zuhra ndiyo iliyokuwa ikikamuliwa. Akajitahidi. Akaacha kununua kahawa kijiweni, akaanza kuosha gari mwenyewe. Kila alivyojitahidi Zuhra alizidi kukasirika, kwa sababu mwongo anayejitahidi anachanganya kichwa kuliko mwongo mvivu.

Siku ya soko alikuja mama mmoja wa Rusoro kununua maharage. Alikuwa mchangamfu, wa kuongea huku anachagua.

"Si ninyi mliomgonga yule mlevi wetu?"

"Si mlevi," Zuhra alisema upesi. "Ameokoka yule."

"Alikuwa ameokoka, dada. Sasa kanisani wamemsimamisha kwaya. Mkewe kafunga virago, kabeba mtoto, karudi kwao Munanila. Anasema mlevi wa wazi angemvumilia, ila huyu wa kunywa kwa siri hamuwezi. Na ana haki. Gari la hamsini, watu wote tunaliona linakuja, wewe mzima unajipelekaje mbele yake? Pombe tu hiyo."

Zuhra alikuwa akipima kwa kopo. Akapoteza hesabu, akarudisha maharage yote kwenye gunia, akaanza upya, akapoteza tena. Mwishowe alimjazia tu mfuko, mama wa watu akaondoka anacheka kwa bahati yake. Zuhra akabaki ameshika kopo tupu. Nimesema sikutazama, aliwaza, na mwanamke nisiyemjua amerudi kwao na mtoto mgongoni.

* * *

Safari ya Kasulu iliangukia siku ya jua baada ya mvua nyingi. Walikuwa na magunia ya maharage ya kupeleka sokoni, kisha wapitie Kabanga kumwona mgonjwa. Nyuma, juu ya magunia, walipanda watu watatu wanne walioomba lifti. Zuhra alikaa kushoto, pochi mapajani, macho kwenye mshale.

Kwenye kijiji kimoja, baada tu ya kibao cha hamsini, trafiki alitoka kivulini, mwanamke mrefu mwenye sare nyeupe iliyonyooka, akapunga mkono. Omary akapaki pembeni huku anatabasamu. Hakuwa na wasiwasi wowote.

"Hamsini na sita, dereva," trafiki alisema.

"Hapana afande. Mimi nilikuwa hamsini."

"Tochi inasema hamsini na sita."

"Afande, nimeutazama mshale kwa macho yangu, wallahi..."

"Usimsumbue Mungu asubuhi yote hii. Tochi haina mjomba wala shangazi kwenye barabara hii. Shuka uje usome."

Omary alishuka. Akaonyeshwa ile mashine ya kupimia, akainama kuisoma.

"Sema unachokiona. Kwa sauti, na wenzako wasikie."

"Hamsini na sita," Omary alisema, mtu mzima mwenye ndevu, na juu ya magunia wale aliowapa lifti ya bure wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Mzee lipa twende, jua linatuchoma!" Akaandikiwa faini. Aliporudi kwenye usukani masikio yake yalikuwa yanawaka kwa aibu.

Zuhra hakucheka. Kabla trafiki hajatokea, alikuwa ameuona mshale umeipita hamsini na tano. Kwa hiyo tochi na yeye walikuwa wamekubaliana, na aliyebaki peke yake na hamsini yake ni Omary. Anaapa uongo hata mbele ya mashine, aliwaza, akahisi machozi ya hasira.

"Tochi yao mbovu," Omary alisema walipoondoka.

"Si mbovu."

"Nini?"

"Nimesema si mbovu. Hata mimi nimeona. Ulikuwa umepita hamsini na tano."

Omary aligeuka kumtazama, gari likayumba kidogo. "Umeonea wapi?"

"Hapo! Mbele yako hapo! Mimi si kipofu, Baba Shamsi."

"Kwa hiyo kipofu ni mimi?"

"Wewe si kipofu. Wewe ni..." Neno alilimeza.

Omary aliendelea kuendesha. Barabara iliponyooka akasema, "Haya. Sasa hivi nipo ngapi?"

"Hamsini na tano na ushee."

"Nipo hamsini kamili."

"Hamsini na tano!"

"Zuhra, hamsini!"

Walibishana hivyo, watu wenye mtoto wa darasa la tano nyumbani, mpaka Omary akapiga usukani kwa kiganja. "Sogea hapa. Weka kichwa begani kwangu, utazame kutoka hapa nilipo mimi."

Kichwa cha Zuhra hakikuwa kimegusa bega lile tangu siku ya ajali. Alisita. Kisha akasogea, akakiweka, akatazama. Mshale ulikuwa umesimama juu ya hamsini, haujazidi hata unywele. Akarudi kwenye kiti chake, mshale ukapanda. Akarudi begani, ukashuka. Nyuma wakagonga paa la kabini kwa vicheko, "Dereva, mapenzi nyumbani!" Zuhra hakuwasikia. Alikwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, mpaka akaelewa. Ule mshale haugusani na namba. Umesimama mbele yake kidogo, na anayeutazama kutoka kiti cha kushoto anautazama kwa upande, akauona umekaa juu ya namba isiyo yake.

Furaha ilimjaa ghafla mpaka akaona aibu. Omary hakudanganya. Wiki zote zile, kwenye kila sahani aliyomtupia, Omary alikuwa anasema alichokiona. Alitaka kumshika mkono amwambie, na mkono wenyewe aliunyoosha, kisha ukaishia hewani.

"Lakini tochi," alisema. "Tochi haikukaa kwenye kiti changu."

Mmoja anaona hamsini kwa sababu amekaa sawasawa. Mwingine anaona hamsini na sita kwa sababu amekaa upande. Halafu mashine ya serikali, iliyosimama barabarani kabisa, inakubaliana na aliyekaa upande. Walitazamana, wakatazama mbele, wakatazamana tena.

* * *

Karibu na Nyarugusu, kando ya barabara, Kalunga alikuwa amepanga matairi yake ya mtumba kama kawaida. Kalunga alitoka Kongo, akaishi kambi ya wakimbizi, na madereva wengi wa barabara ile walimfahamu. Masika yakikaribia, wenye pikapu wa milima hii hutafuta tairi refu la kunyanyua gari kwenye matope. Hakuna anayeuliza jambo lingine. Likiingia bila kugusa bodi, basi ni tairi zuri. Omary naye alifunga manne kwa Kalunga kabla ya mvua kuanza, na kabla ya ile ajali, akafurahi sana.

"Papa Omary!" Kalunga aliinuka. "Mipira inasema nini?"

"Mshale unasema nipo hamsini, ila tochi inasema hamsini na sita. Mke wangu pia. Nieleze."

Kalunga alikuna kichwa. "Mimi nilikuambiaka. Nilisema, hii mupira iko mukubwa kuliko ile ya zamani. Weye ukasema, ni muzuri, matope iko mingi."

"Nilidhani unasifia mali yako."

"Nilikuwa nasifia pia, papa. Nitauzaka je bila kusifia?"

Omary aliteremsha tairi la akiba, la zamani, lile lililokuja na gari, akalisimamisha kando ya moja la sasa. La sasa lililizidi kimo kwa upana wa vidole kadhaa. Si jambo la kumshtua mtu, na kwa mbali usingelitambua. Wote watatu waliinama kulitazama. Kalunga akasema labda waya wa mita umechoka. Omary akasema labda barabara yenyewe imeteremka. Walisema mengi. Zuhra alikuwa akilizungusha lile tairi dogo kwa mkono, macho kwenye lile kubwa.

"Ni kopo," alisema.

"Kopo gani?"

"La maharage. Huo mshale hauoni barabara, Baba Shamsi. Unahesabu tairi limezunguka mara ngapi, basi, kama mimi ninavyohesabu kopo. Umeniletea kopo kubwa, na mimi naendelea kuhesabu zile zile. Nitasema hamsini, na mteja ataondoka na zaidi ya hamsini."

Kalunga aliguna kwa kuafiki. Omary aliliangalia tairi, akaliangalia gari, kisha akakaa juu ya rundo la matairi.

"Kwa hiyo niliyetazama sawasawa niliona uongo," alisema. "Na wewe uliyetazama upande uliona kweli."

"Kwa bahati tu. Makosa mawili yamekutana."

"Basi niliapa uongo."

"Hukujua."

"Mungu anajua kwamba sikujua. Nizi je?" Akashika kichwa. "Sita, Mama Shamsi. Sita tu. Sita ni nini?" Kisha akanyanyua uso, na hakukuwa na ubaya wowote usoni pale. "Laiti siku ile ungetazama. Ungeona hamsini na sita yako, ungenipigia kelele, ningepunguza. Kosa la jicho lako lingetuokoa sote."

Zuhra angeweza kunyamaza na hapo. Hakuna mtu duniani angejua. Alimsubiri Kalunga ageuke kuhudumia mteja mwingine.

"Nilitazama," alisema.

"Lini?"

"Siku ile. Niliona imepita hamsini na tano. Nilifungua mdomo, ndiyo yule mtu akatokea."

Omary alimkodolea macho. "Na pale uani kwa mzee?"

"Ulikuwa umeshaapa. Nikajua umeapa uongo. Nikasema nisikuaibishe mbele za watu."

"Ukajua," Omary alisema taratibu. "Kwa hiyo siku zote hizi unanipakulia chakula, unalala kando yangu, na kwako mimi ni mtu wa kumtaja Mungu kwa uongo."

"Ndiyo."

"Na hukuniuliza hata mara moja."

"Niliogopa utaniambia ni kweli."

"Ungeniaibisha tu, Zuhra. Ungeniaibisha pale pale, ningekasirika, tungebishana kama leo, na hili la leo tungelijua wiki ile ile."

Alilirudisha tairi la akiba mahali pake, akaingia kwenye gari. Mpaka Kasulu aliendesha mshale ukiwa chini ya arobaini. Malori yaliwapita kwa honi za kejeli, waliokaa juu ya magunia walilalamika, na yeye hakuongeza mwendo.

* * *

Wodini Kabanga walimkuta Nizi ameegemea mto, mguu umenyooshwa juu ya kitanda. Baba yake, mzee Ndayisenga, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani. Ilionekana hawakuwa wakiongea. Wageni waliamkia, "Mwidiwe," wakaitikiwa, na Omary hakusubiri kuulizwa habari za safari. Alipiga goti kwenye sakafu ya saruji akaanza kueleza: mshale, tochi, masika, matairi, kopo la maharage. Alieleza ovyo, anarudi nyuma, anaruka mbele, na mzee alimfuata kwa shida.

"Subiri mwanangu. Hiyo mita yako ni mbovu?"

"Si mbovu, mzee. Nzima."

"Na wewe ulisema uliloliona."

"Ndiyo."

"Na gari lilikuwa linakwenda zaidi ya ulivyosema."

"Ndiyo, mzee. Kama sita hivi. Ni kidogo, lakini..."

"Si kidogo," Nizi alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza. Alinyoosha kiganja juu ya shuka, akakifanya baiskeli. "Mimi navuka pale kila siku. Gari likitokea kwenye ile kona, nalipima kwa jicho, najua la hamsini linafika lini. Lako nililipima. Gurudumu la mbele lilivuka. Mimi mwenyewe nilivuka. Mikungu ya mbele ilivuka. Kilichobaki kwenye lami ni gurudumu la nyuma." Akakunja kiganja. "Nilikuambia, baba. Nilikuambia nimelipima lile gari."

Mzee Ndayisenga aliipapasa kofia yake. "Nilikuambia ukae kimya," alikiri. "Nilikuambia uache kutia aibu." Alihangaika kutafuta mahali pa kuweka macho, akamtazama Omary, akamtazama Zuhra, na ilionekana wazi kwamba kichwa kimemzunguka. "Sasa mbona sielewi? Mita nzima, dereva mkweli, mwanangu hajanywa. Mwana wanje, mtoto wangu, tulidanganywa na nani?"

"Na mimi," Zuhra alisema.

Alikuwa bado amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Alisogea, akapiga goti kando ya mumewe, ingawa Omary hakumpisha. Akasema kwamba alitazama, kwamba aliona, kwamba alipoulizwa alikana. Hakusema alikuwa anamlinda nani. Pale kitandani sababu ingesikika kama kujitetea, naye hakuwa na uso wa kujitetea.

Nizi alimtazama mwanamke yule muda mrefu sana. Wodi nzima ilikuwa imetega masikio, hata mgonjwa wa dirishani aliyekuwa amejifunika gubigubi.

"Uliona," Nizi alisema.

"Niliona."

"Siku ile ile."

"Siku ile ile, kaka. Nisamehe."

"Wewe ulikuwa unajua, na mimi nikalala hapa naapa kwa baba, kwa mchungaji, kwa mke wangu, kwamba sijanywa. Mpaka mwenyewe nikaanza kuwaza labda nilikunywa nikasahau." Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Jua limepanda, nina akili zangu, nimelala najinusa pumzi."

Zuhra alilia. Hakuna aliyemwambia anyamaze, na Omary hakumshika bega. Nizi alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akasema msamaha atauangalia baadaye. Kwanza alitaka kitu kingine.

"Una simu?"

Zuhra aliitoa kwenye pochi.

"Mke wangu akiona namba yangu hapokei. Baba akimpigia sasa, atasema baba anamtetea mwanawe." Akataja namba moja moja, kwa moyo, na Zuhra akabonyeza kwa vidole vilivyolowa. "Ukimaliza, usinipe simu. Akitaka kuongea na mimi atasema mwenyewe."

Simu iliita. Iliita mpaka wakadhani haitapokelewa. Kisha ikashikwa, na kutoka Munanila ikasikika sauti ya mwanamke kijana aliyechoka, nyuma yake mtoto anadai kitu.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Zuhra alimtazama Omary. Omary alikuwa anatazama sakafu.

"Mimi ni mke wa dereva," alisema. "Naitwa Zuhra. Siku ile nilitazama."